Kisima cha Wakfu Ndani ya Kompyuta

Jioni moja nilikuwa nimeketi barazani, hapa Mji wa Kale, Mombasa, nikinung'unika. Mwimbaji mmoja alikuwa ameuchukua utungo wangu, akautia ala, akautoa bila ya kunitaja jina wala kuniita hata kwa kikombe cha kahawa. Nikasema mengi juu ya wizi wa kalamu. Mpwa wangu alikuwa akinisikiliza kimya. Nilipokwisha, akaniuliza kwa adabu: "Mjomba, na ile programu uandikiayo mashairi yako, uliinunua?"

Sikuwa na la kujibu. Programu ile nilitiliwa na kijana mmoja wa dukani kwa bei ya sahani ya biriani, na sote wawili tulijua kuwa ni nakala ya wizi. Na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazihesabu programu za kompyuta kuwa miongoni mwa kazi za fasihi, kundi moja na mashairi. Basi aliyekuwa akilia kaibiwa, mwenyewe alikuwa kakalia kigoda cha wizi.

Laiti mambo yangekomea hapo! Wiki chache baadaye programu ile ikadai nambari ya ununuzi, nami sina. Tungo zangu za miaka 12 zimo ndani, nami niko nje kama mpangaji aliyebadilishiwa kufuli.

Ndipo mpwa wangu akaja na flashi mfukoni. Mlikuwamo Linux, na programu ya kuandikia iitwayo LibreOffice. "Hii haina wizi, Mjomba," akaniambia. "Waitumia, waigawa, na wenyewe wameridhia." Kabla ya adhana ya magharibi mashairi yangu yalikuwa yamefunguka, moja baada ya moja. Alhamdulillahi.

Nikataka kujua, ni nani hao walioridhia, na kwa nini?

Msomaji wangu, asili yake ni kisa cha mashine ya kuchapa. Katika chuo cha MIT, Marekani, alikuwako fundi aitwaye Richard Stallman. Yeye na wenzake walizoea kuzirekebisha programu za mashine zao. Ile ya zamani waliifunza kuwaarifu karatasi zinapokwama. Ikaja mashine mpya kutoka Xerox, programu yake imefungwa. Stallman akamwendea mtu wa chuo kingine aliyekuwa na maandishi ya programu ile, naye akakataa kumpa kwa kuwa alikwisha ahidi kutompa mtu. Neno hilo lilimchoma. Mnamo Septemba 1983 akatangaza kazi ya kutunga programu ambazo kila mtu atakuwa huru nazo, akaipa jina GNU.

Uhuru huo ni wa mambo manne: kuitumia programu kwa shughuli yoyote, kuyasoma maandishi yake na kuyabadilisha, kumpa mwenzako nakala, na kuitoa ile uliyoitengeneza ili wengine wafaidike. Waingereza wana neno moja tu kwa kitu kisicho na bei na kwa mtu asiye mtumwa, kwa hivyo Stallman amekuwa akilieleza jambo hili miaka na miaka. Sisi lugha yetu imetutua mzigo huo: bure ni bure, na huru ni huru. Programu huria yaweza hata kuuzwa. Lisiloruhusiwa ni kumfunga aliyeinunua.

Mimi si mufti, wala sitoi hukumu. Lakini mtu wa pwani akielezwa haya, hukumbuka kisima cha wakfu. Aliyekichimba amekwisha kukitoa. Jirani huteka, na mpita njia huteka. Atakaye kukiongeza kina, na akiongeze. Asichoweza mtu ni kukizungushia ua akasema ni changu. Sharti la namna hiyo Stallman aliliandika kisheria mwaka 1989, katika leseni iitwayo GPL: anayeitengeneza programu kisha akaigawa, hana budi kuwapa wapokeaji uhuru ule ule alioupokea yeye. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliitoa Linux, na mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni hiyo. Tangu hapo maelfu ya watu wameteka, na wakaongeza kina.

Sikwambii kwamba njia ilikuwa nyeupe. Mashine yangu ya kuchapa iligoma siku tatu, na mpwa wangu alikuwa amekwisha rudi chuoni kwake. Hapo nilijifunza kwamba kisima hakina faida kwa asiye na kamba, na kamba yenyewe ni watu. Miji mingi ulimwenguni ina vikundi vya watumiaji wa Linux, ambao hukutana, wakaletewa kompyuta, wakazitengeneza pamoja. Nikasema, sisi watu wa baraza tutashindwaje?

Tulianza watu watano, kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri: maalim wa madrasa, fundi cherehani, mwanafunzi wa kike wa sekondari, mwenye duka la vitabu, na mimi. Kanuni yetu ni moja: aliyesaidiwa Jumamosi hii, amsaidie mmoja kabla ya Jumamosi nyingine. Aliyeiponya mashine yangu ni yule binti. Mwenye duka alituacha, kwani hakupata programu ya hesabu aliyoizoea, wala hatukumlaumu. Leo tu watu 14.

Na kheri hii si ngeni kwa Kiswahili. Mwaka 2004, kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyosema Kiswahili. Wafasiri hawakuhitaji kumbembeleza mwenye kampuni, maana mlango ulikuwa wazi. Naye Kevin Donnelly ametunga zana huria ziitwazo Andika!, za kuandikia Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zile zile walizoandikia wazee wetu tenzi. Maalim wetu alipoiona p na ch zikitokea kiooni kwa khati ya chuoni, alivua miwani akaifuta, akaivaa tena.

Yule mwimbaji bado namdai, na nitamdai. Lakini sasa namdai nikiwa na uso. Nami nimewaachia wenzangu wa baraza ubeti huu, wautumie watakavyo:

Kisima hiki si changu, mwenye ndoo na ateke,
Kimechimbwa na wenzangu, nami zamu nitumike,
Nitokapo, ndugu yangu, kamba yake uishike,
Asiweke mtu pingu, kinywa chake kifungike.