Adui wa Ukuta Si Udongo

Ukipita mitaa inayozunguka EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje, la Athi River utaona ploti zilizoinuliwa kwa changarawe na kuzungushiwa ukuta wa mawe wa kuzuia udongo. Kila mwenye ukuta ana nadharia yake, na bila shaka umezisikia. Tuzipime.

"Huku ni kukavu, matundu ya maji ya nini?"

Uongo. Athi River hupata mvua kidogo kuliko Nairobi, hilo halina ubishi. Ila ukuta hausukumwi na wastani wa mwaka. Husukumwa na usiku mmoja wa mvua kubwa. Aliyekuwa huku Aprili 2024, Mto Athi ulipofurika na kuingia majumbani, hahitaji kuelezwa.

Piga hesabu. Nyuma ya ukuta wa kimo cha mita 2, changarawe kavu husukuma kwa takriban tani 1 kwa kila mita ya urefu wa ukuta. Maji yakijaa mle ndani bila pa kutokea, msukumo huo unazidi tani 2 na nusu. Udongo ni uleule. Kilichoongezeka ni maji. Kwa hiyo pitisha mabomba ya plastiki ukutani, juu kidogo ya usawa wa ardhi, kila baada ya mita moja na nusu hivi. Nyuma yake jaza kokoto, kisha tenganisha kokoto na udongo kwa kitambaa cha kuchujia. Bila kitambaa, matundu yataziba na utabaki na pambo.

"Udongo uliochimbwa kwenye msingi urudishwe nyuma ya ukuta, ni wa bure."

Uongo, na ndio unaowagharimu watu zaidi. Udongo wetu mweusi wa mfinyanzi, ule unaong'ang'ania kiatu, huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Kiangazi huupasua nyufa ambazo mkono unaingia. Mvua ya kwanza ya vuli hushuka moja kwa moja humo, udongo unavimba, na ukuta ndio wenye kusogea. Isitoshe haupitishi maji, kwa hiyo hata mabomba yako yatakosa kazi. Upakie kwenye lori uende zake. Jaza changarawe, uishindilie tabaka baada ya tabaka, kila moja lisizidi sentimita 20. Msingi nao uvuke weusi huo hadi changarawe ngumu au mwamba. Fundi anayekwambia "hapa panatosha" huku jembe bado linanata, mwambie aendelee.

"Saruji ikizidi, ukuta hauanguki."

Uongo, hata katika mji wenye viwanda vya saruji. Ukuta wa aina hii mara nyingi hupinduka au kuteleza ukiwa mzima, mawe yakiwa yameshikana vizuri tu. Kinachouokoa ni uzito na upana wa kitako: kwa ukuta wa mawe matupu, angalau nusu ya kimo chake. Ukiongeza kimo maradufu, msukumo huwa mara nne na nguvu ya kuupindua mara nane. Ndiyo maana ukuta mrefu ni kazi ya mhandisi, na kibali cha kaunti si urasimu mtupu.

"Ukiona ufa, ziba."

Nusu kweli. Methali inasifu kuwahi, nayo iko sahihi. Lakini plasta huficha ufa bila kuondoa kilichouleta. Weka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zake kwanza. Ukirefuka, au ukuta ukianza kutokeza tumbo, tafuta maji yamekwama wapi.

"Wazee wa Machakos walishamaliza somo hili."

Kweli kabisa. Katika miaka ya 1930 vilima vya Ukambani vilikuwa vimemomonyoka hadi maofisa wa kikoloni wakakata tamaa. Wakulima wakaukata mteremko kuwa ngazi, zikiwemo zile za fanya juu, ambapo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu na tuta hupandwa nyasi. Kitabu kilichochapishwa mwaka 1994, *More People, Less Erosion*, kilionyesha kwamba watu waliongezeka na mmomonyoko ukapungua.

Kwenye ploti ni vivyo hivyo. Kuta mbili za mita 1 ni salama kuliko moja ya mita 2, mradi wa juu urudi nyuma angalau mita 2. Ukiusogeza karibu, uzito wake wote unauelemea ule wa chini. Maji ya ngazi ya juu na ya paa yaelekezwe mtaroni, si nyuma ya ukuta wa chini, wala kwa jirani.