Mazuku na makaa: moto unapokuambia ukweli na unapokudanganya

Ukikaa Rubona, kusini kidogo ya mji wa Gisenyi, unaishi juu ya gesi. Ziwa Kivu limebeba kilindini kaboni dayoksaidi inayokaribia kilomita za ujazo 300, na methani kama 60. Methani hiyo ilianza kuvutwa hapa Rubona miaka ya 1960 kwa ajili ya kiwanda cha bia cha Bralirwa. Zote mbili hazina rangi wala harufu.

Lakini gesi ya kuogopa kila siku ni ile inayopenya kwenye nyufa za mawe ya volkano, hasa ng'ambo ya mpaka, magharibi ya Goma kuelekea Bulengo. Wenyeji wanaiita mazuku. Ni kaboni dayoksaidi, nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo inalala kwenye mashimo na mabonde, zaidi usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupumua vizuri huku mtoto au mbuzi aliye kando yake akianguka.

Utaitambuaje? Tazama chini: wadudu, ndege au panya waliokufa, majani yaliyokauka mahali pamoja tu. Unaweza pia kufunga kitambaa kinachowaka kwenye ncha ya mti mrefu na kukishusha shimoni ukiwa umesimama juu. Kikizimika, ondoka. Kisipozimika, usiseme ni salama, kwa sababu gesi huanza kudhuru mwili kabla ya kuzima moto. Na mwenzako akianguka humo, usishuke kumfuata; wapo waliokufa hivyo. Mvute kwa kamba ukiwa juu, au uite msaada. Penye methani au mtungi wa gesi unaovuja, usijaribu na moto kabisa.

Sasa mbabula. Mvua ikinyesha, wengi tunaiingiza ndani ya nyumba au hema. Makaa hutoa monoksaidi ya kaboni, na hiyo haizimi moto: taa itawaka vizuri nawe unakufa. Kifaa cha betri kinachopiga kelele ndicho kipimo cha kweli. Kama huna, kumbuka dalili: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, hasa vikiwapata watu wawili au watatu wa nyumba moja kwa wakati mmoja. Tokeni nje wote, pamoja na anayesema ana usingizi tu, kisha nendeni kituo cha afya mkawaambie mlikuwa na makaa ndani, maana dalili hizo hufanana na za malaria.