Albumini Ikishuka, Usikimbilie Kusema Njaa

Mgonjwa amelazwa siku ya pili, ana homa kali, chakula hakipiti. Majibu ya maabara yanaonyesha albumini gramu 26 kwa lita, na kiwango cha kawaida ni 35 hadi 50. Ndugu wanaambiwa protini imeshuka, mgonjwa hali vizuri. Kula anahitaji kweli. Lakini ile 26 haikuletwa na siku mbili za kukosa chakula, na hesabu yenyewe inaonyesha hivyo.

Mtu mzima ana takribani lita 3 za plazma, yaani damu bila chembe zake. Kwa gramu 40 kila lita, ndani ya mishipa kuna gramu 120 za albumini. Ini hutengeneza gramu 10 hadi 15 kwa siku, na albumini iliyopo huchukua karibu siku 20 kupungua kwa nusu. Tuseme njaa imelifanya ini lipunguze kazi kwa nusu kuanzia leo. Baada ya wiki nzima, 40 itakuwa imefika takribani 36, bado kiwango cha kawaida. Na hapo sijahesabu kwamba mwili wenye njaa huvunja albumini polepole zaidi. Ndiyo maana watu waliokondeana kwa kujinyima chakula, mifupa ikihesabika, mara nyingi hukutwa na albumini nzuri kabisa.

Maambukizi makali hayasubiri wiki. Hata kwa mtu mzima wa afya, karibu asilimia 5 ya albumini iliyo mishipani, gramu 6 hivi, hupenya nje kila saa, kisha hurudi kupitia njia za limfu. Ugonjwa ukilegeza kuta za mishipa, uvujaji huo unaweza kuongezeka maradufu au zaidi ndani ya saa chache. Ini nalo hugeukia kutengeneza protini za kupambana na ugonjwa, kama CRP. Kwa hiyo namba hushuka hata kama mgonjwa alikula pilau jana.

Prealbumini, protini nyingine ya damu, ilitegemewa kusaidia kwa sababu hupungua kwa nusu ndani ya siku 2 hadi 3 tu. Nayo huangushwa na mwitikio uleule wa mwili dhidi ya ugonjwa. Mwaka 2020 ASPEN, chama cha wataalamu wa lishe ya wagonjwa cha Marekani, kilieleza wazi kwamba protini hizi mbili zisitumike kupima hali ya lishe.

Sasa fedha. Bei hutofautiana, hivyo nachukua shilingi 10,000 za Tanzania kwa kipimo kimoja cha albumini, kwa mfano tu. Wodi ya vitanda 30 ikipima kila mgonjwa mara moja kwa wiki, ni vipimo 1,560 kwa mwaka, shilingi milioni 15.6. Hiyo 10,000 moja, kwa familia inayoleta chakula cha mgonjwa kwa hotpoti, inakaribia trei ya mayai 30, na trei hiyo ina gramu 180 hivi za protini.

Kinachojibu swali la lishe ni mzani na maswali mawili: ulikuwa na kilo ngapi miezi michache iliyopita, na je, ulikusudia kupungua? Mama wa kilo 62 miezi mitano iliyopita, leo ana kilo 55: amepoteza asilimia 11. Kwa fomu ya MUST, iliyotoka Uingereza mwaka 2003, kupoteza zaidi ya asilimia 10 bila kukusudia ndani ya miezi 3 hadi 6 ni pointi 2, na pointi 2 ni hatari kubwa ya utapiamlo. Urefu wake wa mita 1.65 unampa BMI ya 20.2, ambayo peke yake ingemficha kabisa. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, utepe wa mkono unaogharimu senti chache za dola unatosha: chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali.

Linaloniumiza zaidi ni familia kuchangishana kununua dripu ya albumini ili "kuongeza protini". Chupa ya mililita 50 ya asilimia 20 ina gramu 10, kazi ya ini ya siku moja au pungufu, na kwenye mishipa inayovuja sehemu kubwa itatoka. Dripu hiyo ina kazi zake, kwa mfano mgonjwa wa ini anapotolewa maji mengi tumboni. Kipimo cha albumini nacho kina thamani kwa mgonjwa wa ini au wa figo inayopoteza protini kwenye mkojo, na kabla ya upasuaji huonyesha nani yuko hatarini zaidi. Hapo kiandikwe, na kilipiwe.