Sikio la Kampala, Midundo ya Mburahati

Programu za muziki kwenye simu hukupendekezea kinachofanana na ulichosikiliza jana. Ukipenda singeli, utaletewa ileile inayopigwa kwenye kila daladala, na kazi mpya ya prodyuza asiye na fedha za matangazo itakupita. Anayetaka kuinasa mapema ana njia ya zamani ambayo bado inafanya kazi: kuchagua lebo ndogo yenye sikio unaloliamini, kisha kuifuatilia kwa miaka.

Chukua Nyege Nyege Tapes ya Kampala, iliyochipuka kutoka kwenye tamasha la Nyege Nyege lililoanza Jinja mwaka 2015. Mwaka 2017 ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli kutoka Sisso Studio ya Mburahati, Dar es Salaam. Singeli ni muziki wa vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, unaokimbia mapigo 200 kwa dakika na mara nyingi kuzidi hapo. Wengi waliusikiliza mkusanyiko ule, wakachagua nyimbo mbili tatu, basi. Kumbe ulikuwa pia tangazo la yatakayokuja. Lebo isiyo na mtaji mkubwa haikurupuki kutoa albamu nzima ya mtu asiyejulikana. Huanza kwa kuwaweka wengi pamoja na kuona nani anapokelewa. Mwaka uliofuata Bamba Pana, wa studio hiyohiyo, akatoa Poaa. Mwaka 2019 Jay Mitta akaja na Tatizo Pesa, na Sisso mwenyewe akatoa Mateso.

Kwa hiyo, ukipata mkusanyiko, soma jina la studio na la prodyuza kabla ya jina la MC. Katika singeli prodyuza ndiye mwenye nyumba. Ilipotoka Sounds of Pamoja mwaka 2022, aliyekwisha kumjua prodyuza Duke alijua pia kwamba mlango unaofunguliwa ni wa studio yake, Pamoja.

Angalia na lebo dada. Hakuna Kulala, ya watu haohao wa Kampala, imeegemea zaidi midundo ya klabu na rapu. Huko ndiko alikotolea kazi zake MC Yallah, anayechana kwa Kiganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza. Ukiishia kwenye lebo moja unaikosa nusu ya ukoo.

Inachekesha kidogo kwamba mtu wa Manzese huenda akazisikia kazi za jirani zake kupitia Kampala, baada ya wacheza disko wa Ulaya. Mimi sioni aibu hapo, mradi fedha zirudi Mburahati.

Na fedha hupitia wapi? Lebo nyingi za aina hii huuza kwenye Bandcamp, ambayo hukata hadi asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na baadhi ya Ijumaa, tangu Machi 2020, huachia fungu lake lote. Bonyeza kitufe cha kufuata kwenye ukurasa wa lebo, nawe utapata barua pepe kila kazi mpya inapotoka. Mara nyingi albamu hutangazwa wiki kadhaa kabla, ukiwa umeachiwa wimbo mmoja au nyimbo mbili za kuonja. Huna kadi ya benki? Albamu ikishatoka, kwa kawaida unaweza kuisikiliza bure pale pale mara kadhaa kabla hujaombwa kununua.