Cheti cha Siku Tano Hakikupi Kiti cha Msimamizi wa Kisima

Swali huja kwa sura nyingi lakini ni lile lile: nisome kozi gani, kwa shilingi ngapi, ili niajiriwe kuwa msimamizi wa uchorongaji wa visima vya mafuta? Kaniuliza kijana wa Hoima mwenye stashahada, kaniuliza dereva wa lori wa Mtwara, na majuzi kaniuliza mzazi aliyekwisha kuuza kiwanja ili mwanawe alipiwe "pakeji" na wakala. Ndani ya pakeji hiyo mlikuwa na cheti cha kudhibiti presha ya kisima, cheti cha usalama wa baharini, viza, na barua ya ajira ya Ghuba yenye mshahara wa dola 15,000 kwa mwezi. Kijana mwenyewe hajawahi kuona mtambo wa kuchoronga kwa macho yake, na barua ya ajira ilitumwa kutoka anwani ya barua pepe ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua bure. Kwa kifupi, familia nzima imeingizwa mjini.

Basi nijibu mara moja kwa wote. Kozi hiyo haipo. Haipo Dar es Salaam, haipo Nairobi, haipo Dubai wala Aberdeen. Kiti cha msimamizi wa uchorongaji hakifikiwi kwa kozi, na anayekuuzia kozi kwa ahadi hiyo anakuibia.

Vyeti vyenyewe ni halali, na hapo ndipo utapeli unapopata nguvu. Cheti kinachotajwa zaidi hutolewa na IWCF, chombo chenye makao yake Montrose, Scotland. Ngazi ya 3 ni ya drila, yaani yule anayeshika usukani wa mtambo. Ngazi ya 4 ni ya msimamizi. Unakaa darasani takriban siku tano, unafanya mtihani wa kuandika na wa simyuleta, ukipata asilimia 70 umefaulu. Cheti kinadumu miaka 2, kisha unarudi kufanya mtihani upya. Hakuna msimamizi atakayeruhusiwa kukaa zamu bila hicho au kile kinacholingana nacho cha IADC, chama cha wakandarasi wa uchorongaji. Lakini mwenye leseni ya udereva iliyotoka jana hapewi basi la abiria la Dar kwenda Mwanza usiku. Hilo kila mtu analielewa bila kufundishwa. Kwenye mafuta watu huacha kulielewa, kwa sababu dola 15,000 zimeandikwa kwenye karatasi.

Tuangalie msimamizi anafanya nini hasa. Mtambo na watu wake ni wa mkandarasi. Matope ya kuchorongea yanaletwa na kampuni nyingine, saruji na nyingine, vipimo vya mwamba na nyingine tena. Msimamizi, ambaye wenyewe mtamboni humwita kampani meni, ndiye mwakilishi wa kampuni yenye leseni ya kitalu. Wote hao wanapokea mpango wa kazi kutoka kwake, na kisima kikiharibika, yeye ndiye anayeulizwa.

Chukua kazi ya kawaida kabisa: kutoa mabomba kisimani ili kubadilisha keekee. Kila chuma kinachotoka kinaacha nafasi, na nafasi hiyo lazima ijazwe matope, la sivyo uzito unaokandamiza gesi huko chini unapungua. Mabomba hutolewa matatu matatu yakiwa yameungana, urefu wa futi 93 hivi kwa fungu. Ukitoa mafungu matano ya bomba la kawaida la inchi 5, kisima kinatakiwa kunywa matope kiasi cha mapipa matatu na nusu, kama lita 550. Kuna tangi dogo pembeni linalopima hayo. Sasa ni saa tisa usiku, mvua inanyesha, drila anavuta mabomba kwa haraka, na haraka hiyo yenyewe inaweza kufyonza gesi kutoka kwenye mwamba. Tangi linaonyesha kisima kimekunywa mapipa mawili na nusu tu.

Pipa moja halikuingia. Je, kipimo kimekosea, au mtu amesoma vibaya? Au kuna kitu kingine kilichotangulia kuingia kisimani na kuchukua nafasi ya pipa hilo? Msimamizi anayejua kazi anasimamisha kila kitu, anaangalia kama kisima kinatiririka chenyewe, na asiporidhika anaamuru mabomba yarudishwe chini kabisa ili azungushe matope na kuitoa gesi. Uamuzi huo unaweza kula nusu siku, na kila saa ya mtambo ina bei yake. Asubuhi ofisi itapiga simu kuuliza kwa nini kazi imechelewa. Anayelipwa pesa nyingi analipwa kwa ajili ya dakika zile, na kwa ajili ya simu ile.

Darasani gesi inaingia kisimani mkufunzi anapobonyeza kitufe, na kila mwanafunzi ameketi akiisubiri. Hayo ni mazoezi mazuri ya kukumbuka hatua za kufunga kisima. Hayakufundishi kulishuku pipa moja saa tisa usiku wakati kila mtu mzoefu aliyekuzunguka anasema ni kipimo tu kimekosea.

Na hata uzoefu una mipaka yake. Tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Mexico, mtambo wa Deepwater Horizon ulikuwa unamalizia kisima cha Macondo cha BP. Lilifanywa jaribio la kupunguza presha ili kuona kama saruji ya chini imeziba. Bomba la kuchorongea likasoma psi 1,400. Bomba dogo la pembeni likasoma sifuri. Ni kisima kimoja, vipimo viwili, na havikubaliani. Yakatolewa maelezo ya kwa nini tofauti ile haina neno, jaribio likahesabiwa kuwa limefaulu, na kazi ikaendelea. Kisima kikalipuka, na usiku ule watu 11 walikufa. Wasimamizi wawili wa kampuni waliokuwa mtamboni hawakuwa wageni wa kuchoronga. Walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Mashtaka hayo yakaondolewa 2015, mmoja akakiri kosa dogo la uchafuzi wa maji, mwingine akaonekana hana hatia mwaka 2016. Kesi zilikwisha, lakini kwa miaka hiyo yote wao wawili walikuwa wakiitwa mahakamani. Anayekwambia kwamba siku tano za darasani zitakuweka kwenye nafasi kama hiyo hajui kazi yenyewe, au anajua na hajali.

Kuna hesabu nyingine ambayo mawakala hawaigusi: idadi ya viti. Tazama Ziwa Albert nchini Uganda, mahali penye shughuli kubwa zaidi ya kuchoronga mafuta katika ukanda wetu. Tilenga, mradi wa TotalEnergies, una visima zaidi ya 400 kwenye mpango wake na ulipangiwa mitambo mitatu. Kingfisher ya CNOOC, iliyoanza kuchoronga Januari 2023, ina visima 31 na mtambo mmoja. Jumla mitambo minne. Weka msimamizi wa mchana na wa usiku kwa kila mtambo, kisha wenzao wa kuwapokea wanapokwenda mapumziko: viti 16. Mradi wote mnaousikia kwenye taarifa za habari, wenye bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga, una nafasi za wasimamizi wa kuchoronga zinazojaa kwenye basi dogo moja, na zinagombewa na watu waliokwisha kuchoronga katika nchi tano. Vyeti vinavyouzwa mitaani kwa mwezi mmoja vinaweza kuzidi viti hivyo.

Kuhusu kulipia kazi, Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira hamtozi mfanyakazi ada, iwe waziwazi au kwa mlango wa nyuma. Wakala wa kweli analipwa na mwajiri. Kampuni inayotaka msimamizi inamlipia tikiti, viza na uchunguzi wa afya, kwa sababu gharama hiyo si kitu ikilinganishwa na siku moja ya mtambo kusimama. Ukiombwa pesa ya viza kabla ya kuhojiwa na mtu anayejua kuchoronga, funga simu.

Sasa malipo, maana najua ndiyo mliyoyangoja. Wasimamizi wengi wa kimataifa wanalipwa kwa siku. Tuseme dola 1,000, namba rahisi ya kuhesabia. Wako wanaopata pungufu na wako wanaopata zaidi. Ukifanya kazi siku 28 na kupumzika 28, mwaka una siku 182 za kulipwa: dola 182,000. Hapo ndipo wakala anaponyamaza. Mapumziko hayalipwi. Siku za safari mara nyingi hulipwa nusu au hazilipwi kabisa. Bima ya afya, pensheni na kuhuisha vyeti ni juu yako. Zamu moja ikifutwa, dola 28,000 zimeyeyuka, na huna wa kumlalamikia kwa sababu mkataba wako unasema unalipwa siku unayofanya kazi. Kodi nayo inategemea unapoishi. Hata Oman, iliyozoeleka kuwa haina kodi ya mapato ya mtu binafsi, imepitisha sheria ya asilimia 5 kwa kipato kinachozidi rial 42,000 kwa mwaka, kuanzia 2028.

Na zamu hufutwa kweli. Katikati ya 2014 pipa la mafuta lilikuwa juu ya dola 100. Januari 2016 lilishuka chini ya 30, na wachorongaji wengi dunia nzima wakarudi nyumbani. Mwaka 2024 Saudi Aramco ilisimamisha mikataba ya mitambo ya baharini zaidi ya 20, bila bei kuanguka kwa namna ile. Mipango ya uzalishaji ilibadilika tu. Kwa hiyo, kama una watoto shuleni na huna akiba ya mwaka mzima, chukua ajira ya kudumu ya mshahara mdogo kuliko mkataba wa siku wenye namba ya kuvutia. Nawaambia hivi hata wale wasiopenda kusikia.

Njia zilizopo ni hizi, na hakuna ya mkato. Ukiwa na nguvu na huna digrii, ingia kwa mkandarasi kama kibarua wa mtamboni, panda hadi sakafu ya kuchorongea, kisha juu ya mnara, kisha drila msaidizi, drila, halafu tulipusha, mkuu wa mtambo upande wa mkandarasi. Hesabu miaka 10 hadi 20 kabla ya kiti cha kampani meni, na ujue tulipusha ni kazi yenye heshima na nafasi zake ni za kudumu zaidi. Ukiwa na digrii ya uhandisi, tafuta programu ya wahitimu, ukubali kuishi mtamboni na kusimamia zamu ya usiku. Kupitia kampuni za huduma, fundi wa matope, wa saruji au wa kuelekeza kisima huvuka pia, na wengi wao huwa wasimamizi wazuri.

Uganda, jisajili kwenye rejista ya taifa ya vipaji vya mafuta na gesi, na uulizie Taasisi ya Petroli ya Kigumba. Tanzania, fuatilia TPDC, shirika la mafuta la taifa, na kampeni za kuchoronga gesi za Mnazi Bay, na usiidharau STAMICO, shirika la madini la taifa, lenye mitambo yake ya kuchoronga migodini. Mwamba na zana ni tofauti, lakini utazoea zamu, chuma na nidhamu. Kenya, acha kuyatazama mafuta ya Turkana peke yake. Nenda kwenye mvuke wa ardhini, yaani jotoardhi: KenGen Olkaria na GDC Menengai wanachoronga visima vya kina cha kilomita mbili hadi tatu kwa mitambo yao, na wachorongaji wa KenGen wamekwisha kupelekwa Ethiopia na Djibouti. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo shule bora ya kuchoronga tuliyo nayo katika ukanda huu, na vijana wa mafuta wanaipita bila kuiona.

Cheti cha usalama wa baharini cha OPITO kinadumu miaka 4. Usikinunue ikiwa kazi unayoiwinda ni ya nchi kavu kama ya Buliisa, kwenye mradi wa Tilenga. Ngazi ya 4 ya IWCF usiiguse kabla hujawa drila au mhandisi wa mtamboni, maana itaisha muda ukiwa bado unatafuta kibarua. Andika kila kisima ulichofanyia kazi: kina, aina ya matope, kilichoharibika, nani alikuwa msimamizi. Atakayekuhoji ataanzia hapo, na ataomba namba ya simu ya msimamizi huyo.