Maradhi ya Tezi Yanayodhaniwa Kuwa Tabia

Mtu apitaye Ishiara mchana wa Februari, akiifuata ile njia ya chini itokayo Embu kwenda Meru, huona jua la nyanda za Mbeere limewafukuza watu wote vivulini na katika vibaraza vya maduka. Na endapo miongoni mwao atamwona mama aliyejitanda leso juu ya sweta akilalamika baridi, uso umemvimba na sauti imekuwa nzito, hatakosa kusikia jirani zake wakisema kwamba siku hizi ameingiwa na uvivu, hata shamba lake la ndengu limemshinda. Huenda ikawa kweli. Lakini yamkini vilevile kwamba tezi yake ya shingo imelegea, na kwamba hicho wanachokiita uvivu kina dawa, tena dawa yenyewe ni kidonge kidogo kimezwacho kila siku.

Tezi hiyo, ambayo wataalamu huiita tezi dundumio, imekaa mbele ya koo chini kidogo ya kikoromeo, na uzito wake kwa mtu mzima mwenye afya ni kama gramu 20 tu. Hutengeneza homoni ambazo damu huzichukua mpaka kila pembe ya mwili, na kwa kadiri ya homoni hizo moyo huenda mbio au hujikokota, chakula huunguzwa upesi au hugeuka mafuta, na akili huchangamka au hupooza, mfano wa kile kifundo cha kandili kinachopandisha na kuteremsha utambi. Tezi nyingine, iliyo chini ya ubongo, huipelekea amri, ikiikaza homoni zinapopungua katika damu na kuilegeza zinapozidi. Na amri hiyo, iandikwayo TSH katika karatasi za maabara, ndiyo aghalabu kitu cha kwanza ambacho tabibu hutaka kipimwe. Malighafi ya kazi yote hii ni madini joto, yaani iodini, ambayo mtu mzima huhitaji maikrogramu 150 kwa siku, kiasi kidogo mno.

Mahali yalipo haba madini hayo, hususan milimani ambako mvua za karne nyingi zimeyaosha udongoni, tezi hutanuka ikijaribu kuikamata kila chembe ipitayo, na hapo hutokea rovu. Mahali yanapotosha, sababu kubwa ya kulegea kwa tezi ni kinga ya mwili kuigeukia na kuila polepole kwa miaka, maradhi aliyoyaeleza tabibu wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, mwaka 1912. Na mara nyingine sababu ni kisu cha mpasuaji: Theodor Kocher wa Uswisi, aliyetunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1909, alikuwa amekwisha kuarifu tangu 1883 kwamba wagonjwa aliowaondolea tezi nzima walidhoofika mwili na akili, na watoto wakaacha kukua. Ufumbuzi ulipatikana 1891, pale George Murray, tabibu wa Uingereza, alipomdunga mwanamke wa miaka 46 maji yaliyotolewa katika tezi za kondoo. Mwanamke yule akaishi miaka 28 zaidi, na kondoo ambao tezi zao zilitumika kwa dawa yake wakapita 870, hesabu ambayo mfugaji wa Mbeere hataisikia bila ya kutikisa kichwa.

Dalili za kulegea huja pole pole, nazo ni uchovu, choo kigumu, ngozi kavu, nywele kukatika, hedhi kuwa nyingi, kusahau na huzuni. Msiba mkubwa kuliko wote ni wa mtoto mchanga, kwani aliyezaliwa na tezi isiyofanya kazi, asipotibiwa katika majuma ya mwanzo, akili yake hudumaa wala hairudi.

Ama tezi ikizidisha kazi, katika Ishiara mgonjwa huangukiwa na tuhuma nyingine. Hii ni nchi ya muguka, majani yatafunwayo ili kuchangamsha mwili, na mtafunaji wa muguka moyo humdunda, usingizi humpaa, mikono humtetemeka na mwili humwisha. Nazo dalili hizi zote ndizo za tezi iliyokaza mno. Hitilafu iko kwenye sahani: muguka humwondolea mtu hamu ya kula, ilhali mgonjwa wa tezi aghalabu hula kwa pupa na bado akakonda, joto humtesa kupita wenziwe, na tumbo humwendesha. Wengine hunong'onezwa kuwa wana ukimwi. Tabibu humwambia mgonjwa anyooshe mikono, akamwekea karatasi juu ya vidole, na karatasi ikapeperuka pasipo upepo. Akiwa na macho yaliyotokeza nje, basi yaelekea ni maradhi ya Graves, tabibu aliyeyaeleza mjini Dublin mwaka 1835, ambayo nayo ni kinga ya mwili iliyopotoka, isipokuwa hapa huichochea tezi badala ya kuila. Yasipotibiwa, moyo hupoteza mwendo wake na mifupa hudhoofika. Matibabu ni vidonge vya kabimazoli, au iodini yenye mnururisho, au upasuaji. Na amezaye kabimazoli, akipatwa na homa au maumivu ya koo, na akimbilie hospitali siku ile ile, kwa kuwa dawa hiyo mara chache huangusha chembe nyeupe za damu.

Ama kuhusu uhaba wa madini joto, Kenya ililazimisha chumvi itiwe madini hayo mwaka 1978. Wengi hudhani kuwa chumvi ya Gongoni, kwa kuwa imetoka baharini, inayo tangu asili. La, iodini iliyobakia humo ni kidogo mno, nayo hutiwa kiwandani, kisha huweza kupotea katika mkebe ulioachwa wazi penye unyevu na joto. Katika kisiwa cha Idjwi, ziwani Kivu, watafiti walionyesha kwamba muhogo usioandaliwa vyema huzidisha rovu mahali penye uhaba huo, na huko Darfur mawele yalishukiwa vivyo hivyo. Lakini alaye chumvi yenye madini hana haja ya kuacha uji wake. Ajabu ni kwamba chumvi ile ile, ilipofika Kivu na Zimbabwe katika miaka ya 1990, iliwazidishia tezi baadhi ya watu waliokuwa na rovu la siku nyingi, kwa sababu vinundu vya rovu kuukuu havitii tena ile amri ya TSH, bali huyatumia madini yote viyapatayo. Wataalamu hawakuifuta chumvi, kwa maana manufaa yake ni makubwa zaidi. Walitaka kipimo chake kisimamiwe.

Kwa yule mama mwenye sweta, endapo damu yake itathibitisha, kidonge cha levothairoksini humezwa alfajiri kwa maji matupu, na chai ya maziwa ingoje nusu saa au saa nzima, kwani maziwa huizuia dawa isiingie mwilini. Vidonge vya kuongeza damu navyo vikae mbali kwa saa nne. Damu hupimwa tena baada ya majuma sita au manane, ndipo kipimo kirekebishwe, na akishika mimba huongezewa mapema, bila ya kungoja tumbo lionekane.