Fahamu: Mionzi ya dozi ndogo kwa maumivu ya goti

Ni nini?
Ni kulipiga goti lililolika gegedu mionzi ya mashine za kutibu saratani, kwa dozi ndogo mno, ili kutuliza uvimbe na maumivu. Gegedu lililolika halirudi.

Ushahidi
Ujerumani imeitumia tiba hii kwa miongo mingi. Jaribio la Uholanzi, lenye wagonjwa 55, halikuona tofauti na tiba bandia. La Korea Kusini, lililotangazwa 2025, lilitoa jumla ya grei 3 (kipimo cha mionzi) kwa vipindi 6: baada ya miezi 4, takriban 70% walipata nafuu, dhidi ya 42% ya waliopewa tiba bandia. Pengo hilo linatia moyo, ila wagonjwa walikuwa 114 tu.

Kutoka Kasense
Kwa mkazi wa Kasense, Sumbawanga, mashine hizo ziko mbali, kwa mfano katika hospitali za Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza. Tiba ya kuanzia inabaki mazoezi ya misuli ya paja, kupunguza uzito uliozidi na dawa za maumivu.